Wasomaji wanauliza: kidato cha sita, pointi za chuo na fomu za mkopo

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi na walezi wenye watoto kidato cha 6 nchini Tanzania, na moja imeandikwa na mtahiniwa mwenyewe. Tumezifupisha. Wanaojibu ni walimu wa masomo na washauri wa udahili.

Habari za kazi. Mwanangu yuko bweni, anasoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Moko (mtihani wa majaribio) ya mkoa imetoka na amepata Divisheni III ya pointi 16. Zimebaki kama wiki 7 afike mtihani wa Mei. Baba yake anataka tumlipie tuisheni. Je, itasaidia?
*Mama wa mwana-PCB, Morogoro*

Mama, kabla ya kutoa hela ya tuisheni, omba karatasi zenyewe za majibu ya moko. Usiridhike na karatasi ya matokeo tu. Pointi 16 zinaweza kuwa D ya Baiolojia, E ya Kemia na F ya Fizikia, lakini F hiyo haikwambii kama kijana hajui, au anajua ila hakumaliza pepa.

Mwambie apitie kila alama aliyopoteza na kuiwekea herufi pembeni: H kwa lile asilolijua, S kwa swali alilolisoma vibaya, M kwa alilokosea muda. Kisha ahesabu. Zikizidi H na zimerundikana kwenye mada 2 au 3, tuisheni ya mada hizo tu ina maana. Zikizidi M na S, tuisheni itamchosha bure, kwa sababu atakuwa anafundishwa anachokijua.

Tatizo la muda lina dawa ya hesabu. Chukua pepa la saa 3 lenye alama 100. Dakika ni 180. Toa 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia majibu mwishoni. Zinabaki 160, yaani dakika 1.6 kwa kila alama. Swali la alama 10 ni dakika 16, la alama 20 ni dakika 32. Akishasoma maswali yote, aandike pembeni mwa kila swali saa ya kuliacha, na saa hiyo ikifika ahame hata kama sentensi inanoga. Kosa tunaloliona kila mwaka ni la mwanafunzi kuanza na swali analolipenda, kulitumia dakika 50 ili apate 17 badala ya 14, kisha kuacha swali zima jeupe. Alama 3 alizozipigania zimemgharimu 8 au 9 ambazo zingepatikana kirahisi mwanzoni mwa lile jeupe.

Kuna nyaraka moja ambayo familia nyingi haziijui, na ni ya bure. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zina swali lenyewe, maelezo ya kwa nini wengi walikosa, na vipande vya majibu halisi, mazuri na mabaya. Mtoto akisoma ripoti za miaka 3 au 4 ya somo moja, ataona makosa yaleyale yakijirudia: ameambiwa aeleze, yeye ameorodhesha, ameulizwa tofauti, ameandika maana. Kwa maoni yetu, wiki moja na ripoti hizo inazidi kurundika pasti pepa zenye majibu ya kunakili.

Halafu vitendo. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina pepa la 3 la maabara, na shule nyingi huchelewa kulifanyia mazoezi kwa kukosa vifaa au kemikali. Siku ya kutembelea, muulize mwanao swali moja tu: ni mara ngapi yeye mwenyewe ameshika bureti, si kusimama nyuma ya wenzake 8 akinakili namba? Kwenye titresheni alama hazipotei sana kwenye kemia yenyewe. Zinapotea kwenye jedwali lisilo na vipimo, usomaji wa bureti ulioandikwa bila desimali 2, na namba "zilizopikwa" ambazo haziendani na za mwalimu aliyejaribu kabla. Kwenye Fizikia ni grafu: haina kichwa, mihimili haina vipimo, skeli imebanwa kona moja ya karatasi, na mteremko umetafutwa kwa pembetatu ndogo mno. Hayo yote yanarekebishika ndani ya wiki 2, na ni mwalimu wa somo anayeweza kuyarekebisha. Mwombeni huyo kwanza.

Binti yangu moko alipata D, E, E, Divisheni III ya 14. Rafiki yake alipata D, D, F, Divisheni III ya 15. Mwalimu wa taaluma kasema kwa matokeo hayo rafiki anaweza kuomba digrii, binti yangu hawezi. Inawezekanaje aliyemzidi akose?
*Baba, Kahama*

Mwalimu yuko sahihi, baba. Kinachowachanganya wazazi ni kwamba kuna hesabu 2 za pointi na zinakwenda kinyume.

NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha hujumlisha masomo 3 ya tahasusi. Hapo ndogo ndiyo nzuri: 3 hadi 9 ni Divisheni I, 10 hadi 12 ni II, 13 hadi 17 ni III, 18 na 19 ni IV, 20 na 21 ni sifuri. General Studies na BAM (hisabati tumizi ya msingi) hazimo kwenye jumla hiyo.

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nayo, kwa waliomaliza kuanzia 2016, huhesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kubwa ndiyo nzuri. Kiwango cha chini cha kuomba digrii moja kwa moja ni ufaulu wa prinsipali 2, yaani kati ya A na E, wenye jumla isiyopungua 4.0 katika masomo yanayotajwa na programu husika. S, yaani sabsidiari, haihesabiki kama prinsipali.

Sasa weka matokeo ya hao wawili. Binti yako, masomo yake 2 bora ni D na E: 2 kuongeza 1, jumla 3. Amekosa. Rafiki yake ana D na D: 4.0 kamili. Amepita, ingawa ana F na divisheni yake ina pointi nyingi zaidi. Lakini amepita kwa programu zinazotaka masomo hayo 2 tu. Ile inayolitaja somo alilopata F hawezi kuigusa.

Hapo ndipo pa kupangia wiki zilizobaki. D inaanzia alama 50 na E inaanzia 40. Tafuta alama halisi za binti kwenye masomo yake ya E. Kama moja ni 47 na lingine 41, lenye 47 linahitaji alama 3 tu kuwa D, na D hiyo ndiyo inayobadilisha jibu la chuo. Mtoto aliyeambiwa "ongeza bidii kwenye yote" hajapewa mpango wowote. Angalia pia isije ikawa somo la 41 ndilo linalotakiwa na kozi anayoitaka. Ikiwa hivyo, hesabu inageuka na hamna budi kulibeba.

Tahadhari 2. Kwanza, 4.0 inakupa haki ya kuomba tu. Kozi zenye ushindani huchukua waliopita mbali juu ya hapo. Pili, chungulieni cheti cha kidato cha 4. Programu nyingi za biashara, uchumi na kompyuta humtaka mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya juu awe walau na ufaulu wa sabsidiari wa hisabati kidato cha 6, au D ya Hisabati kidato cha 4. Mwenye F ya Hisabati kidato cha 4 na C 3 safi za kidato cha 6 anaweza kukwama hapo, na wengi huligundua hilo Julai wakati mfumo unapokataa kuionyesha kozi.

Jamaa ananiuzia pepa la NECTA kwa shilingi 50,000 kwenye kundi la Telegram. Anasema ana uhakika.
*Mlezi, Dar es Salaam*

Usimlipe. Karibu kila mara ni pasti pepa iliyobadilishwa mwaka, na akishapokea hela anakutoa kwenye kundi. Ikitokea ni la kweli, umemwingiza mtoto kwenye kosa la jinai, na adhabu ya udanganyifu ni kufutiwa matokeo. Anayeshinda usiku akisubiri "pepa" hasomi, na huo ndio uharibifu ambao hata pepa feki huufanya.

Kijana wetu akimaliza ataitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Tunasikia maombi ya chuo yanafunguliwa akiwa kambini. Nani atayajaza? Na hiyo kodi ya kuthibitisha ni kitu gani?
*Mjomba, Songea*

Mjomba, swali lako limekuja wakati mzuri, kwa sababu kazi hii hufanyika vizuri kabla ya mtihani.

Mtiririko ni huu. Mtihani ni Mei. Vijana huripoti makambini kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kwa takribani miezi 3. Matokeo hutoka Julai, na baada ya hapo dirisha la vyuo vikuu hufunguliwa. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo husika. TCU haipokei tena maombi kwa niaba ya vyuo vyote. Kila chuo kina akaunti yake na ada yake ya maombi. Kambini simu si ya kutegemea.

Kabla hajaondoka, kaeni naye jioni moja muandae bahasha. Ndani yake ziwepo: namba yake ya mtihani wa kidato cha 4 (iandikwe kama ilivyo kwenye cheti, pamoja na mwaka), namba ya kidato cha 6, nakala ya cheti cha kidato cha 4, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA kama anayo, picha ndogo kwenye simu au flashi, na karatasi yenye anwani ya baruapepe na nywila atakazotumia kila mahali. Baruapepe ifunguliwe mkiwa pamoja. Ifungueni kwa nywila ambayo mtu mwingine mmoja nyumbani anaijua.

Namba ya simu ya kujaza kwenye fomu iwe ya mtu aliye nyumbani, yenye laini isiyozimwa. Sababu ni hiyo kodi unayoiulizia. Kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hupokea kwa ujumbe mfupi namba maalum ya siri ambayo anaiingiza kwenye akaunti ya chuo kimoja anachokitaka, ndani ya siku zilizotangazwa. Hivyo ndivyo anavyothibitisha. Asipothibitisha anaweza kupoteza nafasi zote alizopewa. Ujumbe ukienda kwenye simu iliyofungiwa sandukuni kambini, hakuna atakayejua. Usipofika kabisa, ingieni kwenye akaunti ya chuo. Mifumo mingi ina sehemu ya kuiomba tena.

Uchaguzi wa kozi nao ufanyike kabla. Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka na hupakuliwa bure; kwa kila programu unaonyesha masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Ule wa mwaka uliotangulia unatosha kwa kupanga, ila utakapotoka mpya hakikisheni hakuna sharti lililobadilika. Kijana aandike orodha 3 kwa mkono wake: ya kwanza kama matokeo yatakuwa mazuri kuliko moko, ya pili yakiwa kama moko, ya tatu yakiwa chini. Julai wewe utachukua orodha inayolingana na matokeo na kuijaza kwa mpangilio uleule aliouacha. Msibadilishe bila yeye. Tumeona walezi wakibadilisha chaguo la 1 "kwa nia njema", na Novemba kijana yuko darasani kwenye kozi ambayo hakuiomba.

Ombeni awamu ya kwanza. Awamu zinazofuata huwa na nafasi zilizobaki tu, na kozi zinazogombewa huwa zimeshajaa. Maombi ya vyuo 3 yanatosha kwa wengi: kimoja cha kujaribu bahati, kimoja kinacholingana na matokeo, kimoja ambacho ana hakika. Chuo na programu viwe na ithibati, na kwa udaktari, ufamasia, uuguzi, uhandisi au sheria, ulizeni pia kama baraza la taaluma linaitambua programu hiyo.

Vifaa vya kambi vipo kwenye tangazo la JKT la mwaka husika. Someni hadi rangi: bukta, fulana, raba na shuka huwa zimetajwa rangi zake, na wanaokwenda mikoa ya baridi huagizwa nguo nzito.

Mume wangu anataka binti yetu asome udaktari. Yeye anataka kitu cha chakula na kilimo kule Sokoine. Anasoma CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Kila tukikaa mezani ni ugomvi, na mtihani umekaribia.
*Mama, Iringa*

Mama, tahasusi imeshamaliza nusu ya ugomvi. Digrii ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha 6, zote 3. Mwenye CBG hana Fizikia. Mwonyeshe mume wako ukurasa wenyewe wa mwongozo wa TCU badala ya kumweleza kwa mdomo, karatasi haibishani.

Hata kwa mwenye PCB tungeshauri mezani pawe na takwimu kabla ya ndoto. Udaktari ni miaka 5 chuoni na mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Uuguzi na ufamasia kwa kawaida ni 4, uhandisi 4, ualimu 3. Udaktari wa mifugo pale Sokoine (SUA) ni 5. Mwanasheria akimaliza digrii bado ana Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kama anataka uwakili. Kila mwaka unaoongezeka una ada, malazi na nauli.

Mpango unaofanya kazi: binti achague programu 5, azipange kwenye karatasi yenye safu 4, yaani masomo yanayotakiwa, miaka, ada kwa mwaka, na nafasi zilizopo. Kisha baba atamke jambo moja tu, kiasi ambacho familia inaweza kulipa kwa mwaka bila mkopo. Akitaja kiasi hicho mapema, orodha inajipunguza yenyewe na binti hahisi amekataliwa yeye. Baba akinyamaza kuhusu hela hadi Agosti ndipo aseme chuo binafsi hakiwezekani, hapo atakuwa amemvunja moyo bila sababu.

Mkutano huo ufanyike mara moja, uishe, na mada isirudi mezani mpaka pepa la mwisho.

Shikamooni. Mimi ni mtahiniwa wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Nasoma hadi saa 9 usiku lakini asubuhi sikumbuki. Moyo unaenda mbio nikikaa kwenye mtihani. Nyumbani sijawaambia.
*Mwanafunzi, Tabora*

Marahaba. Unayoyasoma saa 9 usiku hayakai kwa sababu ubongo hupanga kumbukumbu ukiwa umelala, na wewe unaukatizia kazi hiyo. Mapepa ya asubuhi huanza saa 2:00. Kwa hiyo wiki 2 kabla, rudisha saa ya kulala iwe 4 au 5 usiku na uamke saa 11 alfajiri. Sogeza kwa dakika 30 kila baada ya siku 2, usibadilishe kwa mkupuo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 9 mchana. Mapigo ya moyo unayoyalalamikia huenda yanachochewa navyo pia.

Badilisha na namna ya kusoma. Kusoma daftari la Historia mara 4 kunakupa hisia ya kujua. Funga daftari, andika hoja 6 za swali moja kwa kumbukumbu, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, rudia baada ya siku 3. Kwa insha, fanya mazoezi ya kuandika utangulizi na hoja 2 kamili kwa dakika 12. Si lazima uandike insha nzima kila siku. Mkono utachoka na utaanza kuichukia Historia.

Ndani ya chumba cha mtihani, moyo ukianza mbio, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 5. Kisha anza na swali la alama chache unalolijua. Na tafadhali mwambie mtu mmoja: matroni, patroni au mwalimu wa malezi. Ukianza kuwaza kujidhuru au kwamba heri usingekuwepo, usisubiri mtihani uishe. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo akupeleke hospitali. Wazazi mnaosoma hapa, mtoto akisema neno kama hilo msilichukulie kuwa ni visingizio vya kuogopa mtihani.

Tunategemea mkopo wa Bodi. Mwaka jana mtoto wa jirani alikosa kwa "nyaraka kutokamilika". Tuandae nini?
*Dada anayelea wadogo zake, Singida*

Dada, mkopo hukosekana kwa sababu nyingi, lakini nyaraka ndizo sababu inayozuilika.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufungua maombi karibu na katikati ya mwaka, kwa mtandao. Si lazima mdogo wako awe ameshapata chuo ndipo aanze. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi.

Anza na majina, leo. Linganisha cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha 4, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Muhammad", jina la babu lililopo huku na kukosekana kule, vyote huleta mgongano. Majina ya NECTA hufuatana toka kidato cha 4, kwa hiyo kwa kawaida nyepesi ni kurekebisha upande wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au kuandaa kwa wakili hati ya kubadilisha majina na kuisajili. Yote mawili huchukua wiki, na ukianza Julai utakutana na foleni ya nchi nzima.

Pili, uhakiki. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kwa waliozaliwa Zanzibar, na wakala wa usajili wa huko. Kama wazazi wamefariki, kila cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hapa yatima wengi huumia: wana haki ya kipaumbele, ila cheti cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa. Kama baba alifariki miaka 10 iliyopita na mna kibali cha mazishi tu, anzeni kufuatilia sasa.

Tatu, saini. Fomu huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha hupakiwa mfumoni. Mdhamini anahitaji kitambulisho na picha. Kaya iliyo TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) iwe na namba yake. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Piga picha za kurasa mchana, kwenye mwanga. Muhuri uliokatika ukingoni ni sawa na usiokuwepo.

Nne, na hili huwakuta waliorudia kidato cha 4: namba ya mtihani iliyotumika kwenye mkopo iwe ileile iliyotumika kuombea chuo. Zikitofautiana, Bodi haioni kwamba aliyepata chuo na aliyeomba mkopo ni mtu mmoja.

Mkopo ukitoka, usome kipengele kwa kipengele. Anaweza kupewa fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022/23 kiwango chake cha juu ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini ada akapewa sehemu tu. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa mafungu, na fungu la kwanza halitoki mpaka awe amesajiliwa chuoni na kusaini. Kwa hiyo mtafutie chakula na nauli za mwezi wa kwanza. Kwa kipimo cha Bodi yenyewe siku 30 ni shilingi 300,000. Asiyeridhika na matokeo ya mkopo ana dirisha la rufaa, ambalo linamtaka aongeze ushahidi mpya. Kurudia maombi yaleyale hakumsaidii. Na ajue toka mwanzo kwamba ni deni: akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Matokeo yakija mabaya kabisa, tuseme E, S, F, mwaka umepotea?
*Baba, Tanga*

Haujapotea, ila uamuzi unatakiwa ndani ya wiki 2 au 3, na njia zipo 2 za msingi.

Ya kwanza ni diploma. Vyuo vingi vya biashara, uhasibu na utawala vilivyo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) huchukua kidato cha 6 mwenye prinsipali 1 na sabsidiari 1, na huyo wa E na S anazo. Akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, na kidato cha 4 akiwa na D 4 au zaidi, anafikia kiwango cha chini cha kuomba digrii. Baadhi ya kozi huweka GPA ya juu zaidi. Njia ni ndefu, lakini anaingia digrii akiwa na ujuzi na cheti mkononi. Kwa mtoto aliyechoka na tahasusi yake, ndiyo tunayoipendekeza.

Ya pili ni kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea Mei inayofuata. Inafaa pale ambapo karatasi za moko zinaonyesha alikuwa na uwezo na kuna sababu inayoeleweka ya kuanguka, kama ugonjwa, msiba au vitendo ambavyo shule haikufanya. Ajiandikishe kwenye kituo mapema, dirisha hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani na wachelewaji hulipa faini. Kwa masomo ya sayansi, kabla hajalipa aone maabara ya kituo kwa macho yake.

Chuo Kikuu Huria nacho kina programu ya msingi kwa waliokosa pointi. Ulizeni masharti ya mwaka husika kwenye kituo chake cha mkoa.

Madirisha ya diploma huenda sambamba na ya digrii, hivyo msisubiri awamu ya mwisho ya vyuo vikuu ndipo mwanze kuzitafuta.